Asia: mito iliyoitangulia milima

Mchora Ramani (mleta mada)

Wakuu, salaam.

Chukueni ramani ya Asia mtafute mto Brahmaputra. Chanzo chake kiko Tibet, kaskazini ya Himalaya. Mdomo wake uko Ghuba ya Bengal, kusini ya Himalaya. Katikati imekaa safu ya milima yenye urefu wa kilomita 2,400 hivi na vilele virefu kuliko vyote duniani. Maji yamepitaje hapo?

Wala si Brahmaputra peke yake. Indus unaanzia Tibet na kuingia Bahari ya Arabuni karibu na Karachi. Sutlej nao umetoka Tibet. Kali Gandaki unaanzia Mustang, nyuma ya vilele vya Nepal, halafu unapita katikati ya Dhaulagiri (mita 8,167) na Annapurna (mita 8,091), milima ambayo umbali kati yake haufiki kilomita 40.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni Everest yenyewe. Theluji ya upande wa kusini inayeyuka, inateremka Nepal, inaingia mto Kosi, kisha Ganges. Hilo linaeleweka. Theluji ya upande wa kaskazini inayeyukia Tibet, na mtu angetegemea ibaki huko. Haibaki. Inaingia mto Arun, Arun unazunguka kwa mashariki, unaipasua Himalaya kati ya Makalu na Kangchenjunga, unarudi Nepal na kumwaga maji katika Kosi uleule. Maji yaliyoachana kileleni yanakutana tena bondeni.

Shuleni tulifundishwa kwamba mto huanzia mlimani, na kwamba kilele ndicho kinachogawa maji: ya huku yashuke huku, ya kule yashuke kule. Kwa milima mingi ni kweli. Himalaya inaivunja kanuni hiyo mara nyingi mno, haiwezi kuwa bahati tu. Mstari unaogawa maji hauko kwenye vilele vya mita 8,000. Uko nyuma yake, juu ya uwanda wa Tibet, kwenye ardhi iliyo chini kuliko vilele hivyo.

Maelezo ambayo wanajiolojia wameyatoa kwa mingi ya mito hiyo ni mafupi: mto ulikuwapo kwanza. Mlima umekuja ukaukuta mto njiani.

Miaka milioni 50 hivi iliyopita bamba la India (bamba ni kipande kikubwa cha gamba la dunia kinachosogea), lililokuwa likisafiri kwenda kaskazini, liligongana na bamba la Ulaya na Asia. Kabla ya hapo palikuwa na bahari, nayo wanajiolojia wanaiita Tethys. Sakafu ya bahari hiyo ilibanwa, ikakunjwa na kuinuliwa. Ndiyo maana mwamba wa kileleni kabisa pa Everest, mita 8,848.86 kwa kipimo walichotangaza Nepal na China mwezi Desemba 2020, ni mwamba wa chokaa wenye mabaki ya viumbe wa baharini. Kwenye kokoto za Kali Gandaki watu wanaokota visukuku vya amonaiti, viumbe wa baharini wa kale, na Wahindu wanaviheshimu kama alama ya Vishnu.

Mgongano huo haujaisha. India bado inasukuma sentimita 4 hadi 5 kila mwaka, na milima bado inainuka kwa milimita chache. Milimita chache kwa mwaka ni kasi ambayo mto wenye nguvu unaweza kuimudu. Fikirieni msumeno ulioshikwa palepale huku gogo likisukumwa juu kutoka chini: msumeno haukupanda popote, lakini gogo limekatwa. Mto ni huo msumeno. Maji hayakuwahi kupanda mlima. Mlima ulipanda huku mto ukikata.

Kwa hiyo hoja yangu kwenye uzi huu ni moja: anayetaka kuielewa Asia afuate maji kwanza, milima baadaye. Nitaendelea na mto mmoja mmoja. Maswali yanakaribishwa.

Binti Nahodha

Asante mkuu, hilo la maji ya Everest kukutana tena sijawahi kulisikia popote.

Swali. Mlima ukianza kuinuka mbele ya mto, kwa nini mto usigeuke tu ukatafuta njia nyepesi? Maji siku zote yanatafuta njia nyepesi.

Mchora Ramani (mleta mada)

Dada, umegusa penyewe. Mito mingi iligeuka. Inayobaki kwenye njia yake ni ile yenye maji mengi na mteremko wa kutosha kukata mwamba kwa kasi isiyopungua ile ya mlima kuinuka. Ukishindwa hata kidogo, unageuzwa, au maji yanatuama na kuwa ziwa mpaka yapate upenyo.

Tazama Brahmaputra. Huko Tibet unaitwa Yarlung Tsangpo, na kabla ya kuingia India unasafiri zaidi ya kilomita 1,500 kwenda mashariki, sambamba na Himalaya, ukiwa na ukuta wa milima mkono wa kulia muda wote. Indus unafanya kinyume chake: unakwenda kaskazini-magharibi, nao umeuacha ukuta huohuo kushoto. Mito hii miwili inaanzia eneo moja, jirani na mlima Kailash (mita 6,638), halafu inaachana kama watu waliogombana. Kila mmoja unafuata safu mpaka mwisho wake na kukata kona kuelekea kusini.

Sasa angalia kilichosimama kwenye kona hizo. Magharibi, pale Indus unapogeuka, pana Nanga Parbat, mita 8,126. Mashariki, pale Tsangpo unapogeuka, pana Namcha Barwa, mita 7,782. Himalaya imebanwa kati ya kona mbili za mito, na kwenye kila kona kuna mlima mkubwa uliojitenga.

Hapo kuna jambo ambalo mimi binafsi linanivutia kuliko takwimu zote za urefu. Kuna wanajiolojia wanaoona kwamba mito yenyewe imechangia kuinua milima hiyo miwili. Mto unapochimba na kubeba mawe kwa kasi kubwa, gamba la dunia mahali pale linapungua uzito, na mwamba wa moto ulio chini unasukumwa juu kujaza nafasi. Mto ukizidi kukata, mlima nao unazidi kupanda. Kutoka Indus hadi kilele cha Nanga Parbat ni tofauti ya mita 7,000 hivi, ndani ya umbali wa kilomita 25 tu.

Halafu Kailash. Jirani yake kuna vyanzo vinne: Indus, Sutlej, Yarlung Tsangpo na Karnali, ambao ni tawimto la Ganges. Minne hiyo inatoka kila mmoja kwa upande wake. Wahindu, Wabudha, Wajaini na wafuasi wa Bon, dini ya kale ya Tibet, wote wanauheshimu mlima huo, mahujaji wanauzunguka kwa miguu, na hakuna anayejulikana kuwahi kufika kileleni. Nadhani watu wa kale waliielewa jiografia ya hapo vizuri kabisa hata kabla ya vipimo.

Mwamba Chokaa

Mkuu uzi mzuri, ila niongeze tahadhari. Hiyo habari ya mto kuutangulia mlima siyo maelezo pekee. Mto mdogo unaoshuka upande wa kusini, wenye mvua nyingi za monsuni na mteremko mkali, unaweza kuchimba kurudi nyuma, kichwa chake kikapenya mpaka nyuma ya safu na kuuteka mto wa upande wa pili. Matokeo kwenye ramani ni yaleyale: mto unaopasua mlima. Kwa Tsangpo hasa, mjadala huo ni mkubwa. Wapo wanaosema uliwahi kwenda kwingine kabla ya kutekwa na Brahmaputra.

Mchora Ramani (mleta mada)

Karibu sana mkuu, mtu wa fani akiingia uzi unanoga. Ndiyo maana niliandika "mingi ya mito hiyo", sikusema yote. Arun ndio mfano wa zamani zaidi kwenye mjadala huu: Lawrence Wager, mwanajiolojia aliyekuwa kwenye msafara wa Everest wa 1933, aliandika mwaka 1937 akitetea kwamba Arun ni mkongwe kuliko safu. Baadaye wakatokea wa kumpinga kwa hoja hiihii yako. Mimi naona kila mto una kesi yake, na mingine huenda imefanya yote mawili kwa zamu.

Kwa kuwa umeitaja Tsangpo, nisimulie kisa chake, maana kwa miongo mingi swali halikuwa umepasuaje mlima. Swali lilikuwa kama ni mto mmoja au miwili.

Karne ya 19 Waingereza waliokuwa wakipima India walijua kuna mto mkubwa Tibet unaokwenda mashariki na kupotelea kwenye makorongo. Walijua pia kuna mto mkubwa Assam, kaskazini-mashariki mwa India, unaotokea milimani. Tsangpo uko juu ya mita 2,800 kabla ya kona. Huko Assam mto uko mita mia na kitu tu. Kama ni mto mmoja, basi umeshuka zaidi ya mita 2,500 ndani ya kipande ambacho hakuna mpimaji aliyekifika. Tibet ilikuwa imefungwa kwa wageni wa Ulaya, kwa hiyo walitumwa wapimaji wenyeji kwa siri.

Mwaka 1880 alitumwa Kinthup, mtu wa Sikkim asiyejua kusoma wala kuandika, akifuatana na lama (mtawa wa Kibudha) Mchina. Kazi yao ilikuwa kuteremka na mto kadiri inavyowezekana, na wakishindwa kuendelea, wakate magogo, wayatie alama, wayatupe mtoni siku zilizopangwa ili watu wa Assam wayatazamie. Njiani yule lama alimuuza Kinthup utumwani akarudi kwao. Kinthup alitoroka, akapata hifadhi kwenye monasteri, akawa mtumishi wa huko. Angeweza kurudi nyumbani. Badala yake aliomba ruhusa ya kwenda kuhiji, akaenda kukata magogo 500 na kuyaficha. Kisha akaomba ruhusa nyingine, akaenda Lhasa kutafuta mtu wa kumwandikia barua ya kuwajulisha India tarehe mpya. Akarudi tena kwenye utumishi wake, siku zilipofika akayatupa magogo mtoni, 50 kwa siku, kwa siku kumi.

Barua ilichelewa. Ofisa aliyemtuma alikuwa ameshaondoka India. Hakuna aliyeyatazamia magogo, yakapita.

Kinthup alifika India mwaka 1884, akasimulia aliyoyaona, na wengi hawakumwamini. Ikachukua mpaka 1913 ndipo Frederick Bailey na Henry Morshead walipopita kwa miguu sehemu kubwa ya eneo hilo na kukuta maelezo yake ni sahihi kwa kiasi cha kushangaza, yote akiwa ameyaweka kichwani. Bailey alihangaika mpaka Kinthup akatafutwa na kupewa zawadi, naye Kinthup akafariki muda mfupi baadaye. Kila ninapoiona kona ile kwenye ramani namkumbuka yeye kabla ya wapimaji wengine wote.

Binti Nahodha

Kinthup anastahili jina lake liwekwe kwenye ramani kabisa. Kutumikia kwa hiari ili tu atimize kazi aliyopewa!

Mkuu, korongo lenyewe likoje? Na hiyo Mekong mbona hujaigusa?

Mchora Ramani (mleta mada)

Korongo la Tsangpo lina urefu wa kilomita 500 hivi, na mahali penye kina kikubwa kuna zaidi ya mita 5,000 kutoka vilele hadi majini. Maji yanatoka huko kwa jina la Siang, yanaingia Assam kama Brahmaputra, yanafika Bangladesh kama Jamuna, yanaungana na Ganges na Meghna, kisha baharini.

Mekong sasa. Sogea mashariki ya kona hiyo, kwenye milima ya Hengduan, mkoa wa Yunnan. Safu nyingi za Asia zimelala mashariki-magharibi. Hizi zimesimama kaskazini-kusini, kwa sababu ardhi iliyobanwa na India imekunjwa na kupindishwa kuizunguka kona ya bamba. Katika mikunjo hiyo imepita mito mitatu mikubwa sambamba: Salween, Mekong na Yangtze. Salween na Mekong inakaribiana mpaka chini ya kilomita 20, ukuta wa mlima ukiwa kati. Ukijumlisha na Yangtze, yote mitatu inaenea ndani ya upana usiofika kilomita 100. UNESCO waliliweka eneo hilo kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2003.

Baada ya hapo kila mmoja unashika njia yake. Salween unakwenda Myanmar na kuingia Bahari ya Andaman. Mekong unapita Laos, Thailand na Kambodia, unaishia kusini mwa Vietnam. Yangtze, uliokuwa ukielekea kusini pamoja na wenzake, unafika mji wa Shigu na kugeuka ghafla kurudi kaskazini-mashariki, unaikata China nzima na kuishia Shanghai. Kilomita 6,300, mrefu kuliko yote Asia na wa tatu duniani. Bila kona ile ya Shigu, maji hayo pengine yangeishia Vietnam, na China ya kati isingekuwa ile tunayoijua. Wako wanaoeleza kona hiyo kwa hoja ya Mwamba Chokaa, yaani mto kutekwa na mwingine.

Mekong una ajabu yake huko chini. Kambodia kuna ziwa la Tonle Sap lililounganishwa nao kwa mto mfupi. Kiangazi maji yanatoka ziwani kwenda Mekong. Monsuni ikishika, Mekong unajaa kiasi kwamba unausukuma mto ule urudi nyuma, na ziwa linapanuka mara kadhaa, linafunika misitu, samaki wanazaliana humo. Theluji ya Tibet na mvua za Laos zinaamua samaki wa Kambodia.

Msafiri wa Mbali

Mkuu, sisi wa nje ya fani tunajua Himalaya tu. Huko Siberia nako vipi? Mito mikubwa ninaiona kwenye ramani lakini milima siioni.

Mchora Ramani (mleta mada)

Milima ipo, ila iko kusini, na hilo ndilo tatizo la mito ya huko.

Ob unazaliwa kwenye milima ya Altai, na tawi lake kubwa, Irtysh, linatoka Altai vilevile kwa upande wa China. Yenisei unatoka Sayan na nyanda za Mongolia. Lena unaanzia kwenye milima iliyo ukingoni mwa ziwa Baikal, kilomita chache tu kutoka ziwani, lakini haupati hata tone la ziwa hilo: unaanza kwa kulipa mgongo na kwenda zake kilomita 4,300 hivi. Yote mitatu inaelekea kaskazini, Bahari ya Aktiki.

Sasa fikiria majira ya kuchipua. Barafu inaanza kuyeyuka kusini, kwenye vyanzo, wakati huku mdomoni mto bado umeganda. Maji yanashuka yakiwa na mapande ya barafu, yanakuta njia imezibwa, yanapanda kingo. Mwezi Mei 2001 mji wa Lensk, kando ya Lena, ulifunikwa na mafuriko ya namna hiyo, na ndege za kijeshi zilitumwa kulipua kizuizi cha barafu kwa mabomu.

Baikal lenyewe ni bonde la ufa lililojaa maji: kina cha mita 1,642, na karibu moja ya tano ya maji baridi yasiyoganda ya juu ya ardhi duniani. Mito zaidi ya 300 inaingia, mmoja tu unatoka, nao ni Angara, unaokwenda kuungana na Yenisei.

Ural nao wengi wanautaja kwa kuwa ndio mpaka wa Asia na Ulaya. Ni wazee, wamelika, kilele chake kirefu, Narodnaya, hakifiki mita 1,900. Ulikuwa mgongano wa mabara kama Himalaya, miaka milioni 250 hadi 300 iliyopita.

Mwamba Chokaa

Usisahau India ya kusini mkuu. Godavari!

Mchora Ramani (mleta mada)

Haswa. Godavari unaanzia karibu na Nashik, kwenye milima ya Ghati za Magharibi, kilomita 80 hivi tu kutoka Bahari ya Arabuni. Ungedhani utaingia huko. Unaipa bahari hiyo mgongo na kwenda mashariki kilomita 1,465 mpaka Ghuba ya Bengal. Krishna nao ni hivyo hivyo. Uwanda wa Deccan umeinama kuelekea mashariki, na ukingo ulioinuka ndio huo wa magharibi. Ghati hizo hazikutokana na mgongano wa Himalaya. Ni ukingo uliobaki bara la kale la kusini lilipomeguka. Kilele chake kirefu, Anamudi, kina mita 2,695, lakini ndizo zinazoamua mvua ya monsuni idondoke wapi.

Tigris na Euphrates nitaipitia haraka kwa sababu inajulikana: inatoka nyanda za juu za mashariki ya Uturuki, inazunguka Mesopotamia, inaungana kabla ya Ghuba ya Uajemi. Ushoroba huo wote ni bonde lililobonyea mbele ya milima ya Zagros, ambayo nayo ni matokeo ya Arabuni kuigonga Iran.

Binti Nahodha

Kuna mto ambao mlima umeushinda kabisa? Siyo kuugeuza, kuuziba.

Mchora Ramani (mleta mada)

Ipo, dada, na hii ndiyo sehemu inayotisha.

Nanga Parbat tuliyoitaja: tetemeko lilidondosha ubavu wa mlima ndani ya Indus, ziwa kubwa likajikusanya nyuma yake kwa miezi. Juni 1841 kizuizi kikavunjika, maji yakateremka mpaka nyanda za Attock na kulikumba jeshi la Masingasinga lililokuwa limepiga kambi kando ya mto.

Milima ya Pamir, Tajikistan ya leo, Februari 1911: tetemeko liliangusha mlima juu ya mto Murghab na kijiji cha Usoi. Kifusi kile kina urefu wa mita 567 kwenda juu. Hakuna bwawa lililojengwa na binadamu linalokifikia. Nyuma yake kuna ziwa Sarez, kina cha mita 500 hivi, na linatazamwa kwa hofu mpaka leo kwa sababu chini yake wanaishi watu wa bonde la Bartang na wa kingo za Amu Darya. Januari 2010 ikatokea tena Hunza, kaskazini mwa Pakistani, upande wa milima ya Karakoram: maporomoko yaliziba mto, likazaliwa ziwa Attabad lililomeza kipande cha barabara kuu ya kwenda China.

Ila aliyeishinda mito ya Asia ya kati ni binadamu. Amu Darya unatoka Pamir, Syr Darya unatoka Tian Shan, na yote miwili haikuwahi kutegemea bahari kuu. Ilikuwa inalisha ziwa Aral. Mwaka 1960 Aral lilikuwa la nne kwa ukubwa duniani, kilomita za mraba 68,000 hivi. Serikali ya Kisovieti iliyapeleka maji kwenye mashamba ya pamba jangwani. Kufikia 2007 lilibaki asilimia 10 hivi ya eneo lake. Milima haikupunguza barafu kiasi hicho. Maji yalitoka mlimani kama kawaida, yakaishia njiani. Upande wa kaskazini Kazakhstan walijenga ukuta wa Kok-Aral mwaka 2005, maji yakapanda na samaki wakarudi, kwa hiyo hata hasara ya namna ile inaweza kurekebishwa kwa sehemu palipo na nia.

Msafiri wa Mbali

Mkuu, mito ikikata milima miaka yote hiyo, mawe yote hayo yamekwenda wapi?

Mchora Ramani (mleta mada)

Baharini. Ganges na Brahmaputra zimejenga delta kubwa kuliko zote duniani, yaani sehemu kubwa ya Bangladesh na Bengal Magharibi. Na hiyo ni sehemu ndogo tu ya mzigo. Chini ya maji ya Ghuba ya Bengal limelala tandiko la mashapo, yaani udongo na mchanga ulioletwa na mito, lenye urefu wa kilomita 3,000 hivi, likianzia mdomoni mwa mito na kupita Sri Lanka. Upande wa kaskazini unene wake unazidi kilomita 16. Unene huo ni karibu Everest mbili zikipandana. Wanasayansi wanatoboa tandiko hilo na kusoma tabaka zake ili kujua Himalaya ilikuwa inakua kwa kasi gani na mvua ilinyeshaje enzi hizo. Historia ya mlima imehifadhiwa baharini na mto.

Huang He wa China nao unabeba udongo wa njano wa nyanda za kaskazini kwa wingi kiasi kwamba kitanda chake kimepanda mita kadhaa juu ya mashamba yanayouzunguka, kikizuiwa na kingo za kujengwa. Zikivunjika, mto unahama. Mwaka 1855 ulihamisha mdomo wake kutoka kusini ya rasi ya Shandong kwenda kaskazini yake. Mwaka 1938 jeshi lenyewe la China lilibomoa kingo kuwazuia Wajapani, na raia wengi mno walikufa. Na mwaka 1997, kwa sababu ya umwagiliaji, mto huohuo ulikaa siku 226 bila kufika baharini.

Mwamba Chokaa

Turudi kwenye kona ya Tsangpo mkuu, maana habari kubwa ya sasa iko pale. Unalionaje bwawa la China?

Mchora Ramani (mleta mada)

Ujenzi ulitangazwa kuanza Julai 2025, huko Medog: vituo vitano vya umeme vinavyofuatana, gharama ya yuan trilioni 1.2. Uwezo unaotajwa ni megawati 60,000. Three Gorges kwenye Yangtze, lililo kubwa kuliko yote kwa sasa, lina megawati 22,500. Sababu ya kuchagua hapo ndiyo ileile iliyowatatiza wapimaji wa enzi za Kinthup: mto unashuka zaidi ya mita 2,000 ndani ya kona fupi, na ukichimba mahandaki kukata kona, mteremko wote unakuwa wako.

Nina mambo matatu. La kwanza, ni ardhi ya matetemeko. Tarehe 15 Agosti 1950 eneo hilo lilipigwa na tetemeko la ukubwa wa 8.6, maporomoko yakaziba mito, vizuizi vikapasuka, na kitanda cha Brahmaputra kule Assam kikainuka kwa udongo ulioshuka.

La pili, kati ya China na India hakuna mkataba wa kugawana maji ya mto huu. Indus ulikuwa na wake tangu 1960, India na Pakistani zikiwa zimegawana mito sita: Ravi, Beas na Sutlej kwa India, Indus, Jhelum na Chenab kwa Pakistani. Ulivumilia vita kadhaa, mpaka Aprili 2025 India ilipotangaza kuusimamisha. Kama wenye mkataba wamefika hapo, wasio nao wana kazi kubwa zaidi ya kuelewana.

La tatu ndilo linalonikosesha amani, na halizungumzwi sana. Watu wanauliza maji yatapungua kiasi gani. Maji mengi ya Brahmaputra yanaongezeka baada ya kuvuka mpaka, kwa mvua za upande wa India, kwa hiyo mto hautakauka. Mimi nauliza mashapo. Sehemu kubwa ya udongo unaobebwa na Brahmaputra inachimbwa palepale kwenye kona, kuzunguka Namcha Barwa, na delta ya Bangladesh inakaa juu ya bahari kwa sababu kila mwaka inaletewa udongo mpya. Ardhi yake inabonyea na bahari inapanda. Kwenye mazungumzo yoyote ya mto huu, tani za udongo zinapaswa kuwekwa mezani pamoja na mita za ujazo za maji, na wataalamu wa Dhaka wawepo tangu kikao cha kwanza.